Mji wa Kale wa Mombasa: Bandari Iliyojificha Nyuma ya Nyumba

Wageni wengi wanaofika Mombasa kuutembelea Mji wa Kale huanzia Ngomeni, wakakata tikiti, wakaizunguka Ngome ya Yesu kwa saa moja na nusu, kisha wakaingia Ndia Kuu kutafuta kinywaji baridi na kitu cha kununua, na ikifika saa saba mchana huwa wamekwisha kuondoka wakiamini kwamba mji wameuona. Mimi na binti yangu wa miaka kumi na miwili tulifanya hivyo hivyo siku ya kwanza, na lau tungepanda basi la jioni kurudi Tanga, tathmini hii ingekuwa fupi na yenye lawama nyingi. Kwa bahati tulikuwa tumelipia chumba cha kulala. Siku ya pili tuliuingia mji alfajiri, tena kutoka upande wa maji, na hapo ndipo nilipotambua kosa letu: mtaa huu ni bandari kabla haujawa kitu kingine chochote, na mtu asiyeitafuta bandari hiyo hurudi kwao na picha za milango tu.

Kuitafuta kunahitaji juhudi, kwa sababu haijitokezi. Bandari ya Kale iko karibu na uwanja mdogo ambao tangu enzi za Waingereza huitwa Government Square, na ni eneo la forodha lenye lango na askari, ambapo mpita njia haingii wala hapigi picha. Tuliyoyaona kwa kusimama nje ya lango yalikuwa machache lakini hayakosi thamani: ubavu wa jahazi la mbao uliopakwa rangi ya samawati, magunia yaliyorundikwa chini ya turubai, na mabaharia wawili wakikoka moto wa chai juu ya sitaha kana kwamba wako uani kwao. Majahazi ya siku hizi yana mashine, na hayangoji tena kaskazi iyalete kutoka Arabuni na kusi iyarudishe, lakini bado yanachukua shehena kwenda bandari ndogo za pwani ambako meli za makontena hazina haja ya kufika. Meli hizo kubwa zilihamia Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, na huko ndiko fedha zilikokwenda. Hamu ya Mji wa Kale kwa mgeni inatokana na kuhama huko, maana mji ambao biashara kubwa imeuacha ndio unaobaki na vichochoro vyake.

Msomaji aliyezoea Mji Mkongwe wa Unguja atakuwa na Forodhani akilini, yaani bustani iliyo wazi mbele ya bahari ambapo watu hukaa jioni wakila na kupunga upepo. Mombasa haiko hivyo. Nyumba zimeipa bahari mgongo, na sehemu nilizoziona ambazo mtu anaweza kusimama akayatazama maji bila kuomba ruhusa ya mtu zilikuwa chache. Hili ndilo lalamiko langu kubwa juu ya eneo zima, na nalitaja mapema ili anayesoma asije akafika na matarajio ya Unguja akaondoka amenuna.

Sehemu mojawapo kati ya hizo chache ni ngazi za Leven, na ndiko tulikoanzia siku ya pili, yapata saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jengo lililo juu yake na ngazi zenyewe zimechukua jina la manowari ya Kiingereza, HMS Leven, iliyotia nanga hapa mwaka 1824, wakati Mazrui waliokuwa wakitawala Mombasa walipokuwa wakitafuta wa kuwakinga na Sayyid Said wa Oman. Nahodha wake, William Owen, alikubali kupandisha bendera ya Uingereza bila kuwauliza wakubwa wake kwanza, na wakubwa hao walipopata nafasi ya kulifikiri jambo lenyewe walilikataa, bendera ikateremshwa mwaka 1826. Ngazi zinashuka hadi kwenye maji, na humo humo kuna njia iliyochimbwa kwenye mwamba kuelekea kisima cha maji baridi. Binti yangu aliuliza kwa nini watu wachimbe kisima hatua chache kutoka baharini. Nilimjibu kwamba chombo hakisafiri kwa upepo peke yake, na kwamba bandari isiyokuwa na maji ya kunywa hakuna nahodha ambaye angeirudia mara ya pili. Kwa mwalimu au mzazi, ngazi hizi zinatoa somo kuliko vibao vingi vya makumbusho, na hazina kiingilio. Kasoro yake ni uchafu: maji yalipokuwa yakitoka, chupa za plastiki na mifuko ilibaki juu ya mawe, na harufu haikuwa ya bahari peke yake.

Kutoka hapo tulipanda kutafuta kifungua kinywa, na sehemu hii ya matembezi naipa alama zote. Mji wa Kale hauhitaji mkahawa wenye orodha ya vyakula iliyofungwa kwa ngozi, kwa kuwa kila baada ya nyumba kadhaa kuna meza, karai na benchi. Tulimkuta mama mmoja akiepua mahamri, kando yake sufuria ya mbaazi za nazi ikichemka polepole. Akatuitikia salamu, akatuuliza, “Mwatoka wapi?” Nilipomwambia Tanga, akamgeukia binti yangu akasema, “Ndoo, mwanangu, ndoo ukae hapa.” Mtoto akaanza kuangaza huku na huku akitafuta ndoo ya maji. Mama yule alicheka hadi akaweka upawa chini, kisha akamweleza kwamba kwao hapo njoo ni ndoo, njia ni ndia, macho ni mato na mchele ni mtele, na kwamba Kiswahili chetu cha shuleni kimezaliwa juzi tu. Tangu dakika hiyo binti yangu hakuhitaji kuelezwa maana ya Ndia Kuu. Mahamri yenyewe yalikuwa mepesi, matupu ndani kama inavyotakiwa, yenye iliki iliyosikika bila kukera, na mbaazi zilikuwa na tui zito lisilokatika. Baadaye mchana tulikula viazi karai kwa ukwaju, na muhogo uliokaangwa ukanyunyiziwa pilipili na ndimu. Jioni, muuza kahawa alipita na dele lake, akigonganisha vikombe ili watu wa barazani wamsikie. Kahawa ilikuwa chungu kwelikweli, yenye tangawizi, na tuliishusha kwa kipande cha halwa.

Mlo mmoja tu ulitusikitisha, nao ulikuwa wa siku ya kwanza, katika mkahawa wenye mito ya rangi na picha za ngamia ukutani, ambao umetengenezwa kwa ajili ya watu watakaopita mara moja tu. Samaki wa kupaka aliletwa baada ya saa nzima, amekauka, na mchuzi wake ulikuwa umemwagwa juu badala ya kupakwa kwenye makaa. Bei yake ingetulisha kwa mama wa mahamri siku nne. Sitautaja jina, kwa sababu mikahawa ya namna hiyo iko katika kila mji wa kale duniani, na njia ya kuitambua ni rahisi: mtazame nani ameketi ndani. Ikiwa hakuna mwenyeji hata mmoja anayekula, jipitie.

Kuhusu nyumba, ni vizuri mgeni asahihishe dhana moja kabla hajaanza kuzistaajabia. Mji huu ni wa kale sana. Ibn Battuta aliutaja baada ya kupita hapa mwaka 1331, Vasco da Gama alifika mwaka 1498, na mwaka 1505 Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida waliuteka na kuutia moto. Lakini nyumba nyingi zinazosimama leo, zenye roshani za mbao na mabano yaliyochongwa, ni za mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, zama ambazo reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka kisiwani hapa mwaka 1896, na wafanyabiashara kutoka India wakajenga kwa mtindo waliotoka nao kwao. Kilicho cha kale zaidi ni mpangilio: vichochoro vinavyopinda ili jua lisipate njia iliyonyooka, nyumba zinazosimama karibu karibu hata kivuli cha moja kikawa mali ya nyingine, na mabaraza ya mawe ambapo mgeni hupokelewa bila kuingizwa ndani. Tulipokuwa tumesimama kwenye kona moja saa nne asubuhi, jua likiwa limekwisha kuwa kali kule barabarani, upepo wa baharini ulikuwa ukipita katikati ya kuta mbili kana kwamba kuna mtu ameufungulia mlango.

Msikiti wa Mandhry, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa mwaka 1570, unastahili kusimama kwa muda mrefu kuliko wanavyosimama wengi. Mnara wake mweupe ni mnene chini na unapungua kadiri unavyopanda, hauna nakshi nyingi, na umbo lake halifanani na minara ya Uarabuni wala ya India. Ni msikiti unaotumika kila siku, kwa hiyo asiye Mwislamu atosheke na kuutazama kwa nje. Ni kwenye baraza lililo jirani na hapo tulipompata mzee aliyetutembeza siku ile ya pili, na sasa nalazimika kueleza habari za watembezaji, maana ndio wanaoweza kuiokoa au kuiharibu ziara ya mtu.

Siku ya kwanza, kabla hatujafika hata kwenye mlango wa ngome, tulinaswa na kijana mmoja wa aina ambayo Unguja huitwa papasi. Alituambia malipo ni “chochote roho yenu itakachopenda,” na baada ya saa moja roho zetu zikaambiwa kwamba zinapenda shilingi 3,000 za Kenya. Hilo ningelisamehe. Ambalo sikulisamehe ni maelezo yake: kila mlango ulikuwa na miaka 500, kila shimo lilikuwa la watumwa, na kila kichochoro kiliishia kwenye duka ambalo mwenye nalo alikuwa binamu yake. Mzee wa siku ya pili alikuwa na kitambulisho shingoni na alitaja bei yake kabla hajainuka barazani. Alituambia kuhusu Mwana Mkisi, malkia ambaye masimulizi ya wenyeji yanamtaja kuwa alitawala mwanzo kabisa, na Shehe Mvita aliyeuachia mji jina lake la Mvita. Akatueleza kuhusu Thenashara Taifa, yale mataifa 12 ya Waswahili wa Mombasa, tisa upande mmoja na matatu upande wa pili, yaani Kilindini, Changamwe na Tangana, na namna ugomvi na upatanisho baina ya pande hizo ulivyoamua nani atawale ngome. Palipokuwa na jambo la masimulizi alisema ni masimulizi, na palipokuwa na mwaka aliutaja. Nilipomuuliza kuhusu mlango mmoja mzuri wa nakshi, alinijibu kwamba umechongwa yeye akiwa shule ya msingi. Jibu hilo peke yake lilitosha kulipia kazi yake yote.

Ngome ya Yesu tuliiingia mara mbili, na mara ya pili tuliisoma tofauti kabisa. Ilijengwa kuanzia mwaka 1593 hadi 1596, kwa amri ya Philip II wa Uhispania, ambaye wakati huo alikuwa mfalme wa Ureno pia, na ramani yake ilichorwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na ukuta umeunganishwa na mwamba kiasi kwamba ukiwa chini huwezi kuonyesha kwa kidole pale mkono wa mwanadamu ulipoanzia. UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Hayo yote yamo katika kila kijitabu. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba ngome hii haikujengwa kuulinda mji. Ilijengwa kuulinda mlango wa bandari, na mara nyingi mizinga iliyokuwa ndani yake ilikuwa tishio kwa watu wa mji kuliko kwa adui wa nje. Panda kwenye mojawapo ya pembe zinazotazama bahari, kama ile iitwayo San Mateus, na utaona mlango mwembamba wa maji ambao kila chombo kilichokuja Mvita kililazimika kuupita, karibu kiasi cha kuwaona mabaharia wake.

Kwa jicho hilo hata vitu vya makumbusho vinapata sauti. Chumba kilichonishika mimi ni kile chenye vitu vilivyotolewa baharini kutoka kwenye manowari ya Kireno Santo António de Tanná, iliyojengwa Bassein nchini India na kuzama chini ya ngome hii mwaka 1697. Ilikuja kuwaokoa waliozingirwa. Wakati huo Waomani walikuwa wameizingira ngome tangu Machi 1696, na hawakuitwaa mpaka Desemba 1698, miezi 33 baadaye, njaa na maradhi vikiwa vimekwisha kufanya kazi kubwa kuliko silaha. Wapiga mbizi waliifukua meli hiyo kuanzia mwaka 1977, na vyombo vya kaure, mitungi na vipande vya mbao vilivyokaa chini ya matope karibu karne tatu sasa vimepangwa kwenye kabati, hatua chache kutoka mahali vilipokusudiwa kushushwa. Binti yangu, ambaye siku ya kwanza alikipita chumba hicho mbio akitafuta mizinga, siku ya pili alikaa mbele ya mtungi mmoja akihesabu ni watu wangapi wangeshiba.

Kuna pia michoro ambayo mabaharia au askari wa Kireno waliichora ukutani kwa mkaa na ngeu: merikebu, watu, na vitu ambavyo mtu mwenye kuchoka huvichora akiwa na ukuta mtupu mbele yake. Kuna chumba cha baraza la Mazrui, chenye mabenchi ya mawe na boriti za dari zilizochongwa maandishi, ambamo nilimfikiria Muyaka bin Haji, mshairi wa mji huu aliyewasimamia Mazrui kwa mashairi yake dhidi ya Unguja. Na kuna njia ya matao, ile iliyokatwa ndani ya mwamba ikishuka kuelekea baharini, ambayo baada ya kuziona ngazi za Leven tuliielewa bila kuelezwa: hapa pia tatizo lilikuwa ni namna ya kuyafikia maji na vyombo huku milango ya upande wa mji ikiwa imefungwa.

Nina la kuongeza juu ya neno moja. Wareno walikuwa na kanisa ndani ya ngome, na Waingereza waliifanya ngome hiyo hiyo kuwa jela kuanzia mwaka 1895 mpaka 1958, kabla haijafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1962. Wanaisimu hulirudisha neno letu gereza kwenye igreja, kanisa la Kireno. Huko Kilwa Kisiwani ngome bado huitwa Gereza. Mtu anaposimama juu ya misingi ya kanisa hilo akijua kwamba nyuma yake palikuwa na wafungwa, safari ya neno hilo haimpi tabu kuiamini.

Ndani ya ngome kuna uwanja mkubwa usio na kivuli, na baada ya saa tano joto hurudi kutoka kwenye mawe likakupiga usoni. Nenda mapema, au baada ya alasiri. Kiingilio kwa raia wa Kenya ni nafuu sana kuliko cha wageni kutoka mbali, na sisi wa Afrika Mashariki tuko katikati. Beba kitambulisho au pasipoti, na uwe na njia ya kulipa kwa simu kwa sababu noti mfukoni haikuhakikishii kuingia.

Baada ya ngome, wengi wanafikiri mji umekwisha. Sisi tuliendelea hadi mtaa wa Biashara, ambao uko nje kidogo ya eneo lenyewe la kale lakini ni mtoto wa bandari ile ile. Huko ndiko zilipo nyumba za leso, na moja yake, Kaderdina Hajee Essak, ambayo alama yake ya “Mali ya Abdulla” iko kwenye kanga katika masanduku ya bibi zetu wote, ilianza biashara mwaka 1887. Sisi tunasema kanga, wao wanasema leso, na leso limetokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi, lenço, kwa kuwa vitambaa hivyo ndivyo vilivyounganishwa kwa kushonwa zamani kabla kanga haijaanza kuchapwa mzima mzima. Wauzaji hawaharakishi mtu. Mmoja alimsomea binti yangu majina ya leso tisa, moja baada ya nyingine, akimweleza ipi mtu humpa mama yake na ipi hapaswi kumpa mama mkwe akiwa na akili timamu. Hatua chache zaidi ziko harufu za Marikiti, soko la viungo na mboga, ambako tulinunua iliki na pilipili manga kwa bei ambayo mke wangu ameikubali bila kuuliza maswali, jambo ambalo si la kawaida.

Sasa niseme juu ya hali ya mji, kwa sababu tathmini isiyoitaja itakuwa ya kumpendeza mwenyeji tu. Mji wa Kale unalindwa kisheria, lakini sheria na saruji hazijapatana. Kati ya nyumba mbili zenye roshani utaona ghorofa jipya la madirisha ya alumini lililopanda juu kuliko mnara wa msikiti, na nyumba ya jirani yake imeanza kupata nyufa. Roshani kadhaa tulizoziona zimeshikiliwa na miti. Siwalaumu wenye nyumba kwa wepesi, maana boriti ya mkoko na fundi wa kuchonga nakshi ni ghali, watoto wameongezeka, na mtu hawezi kuambiwa alale chini ya dari inayodondoka ili mgeni apate picha. Hata hivyo, anayetaka kuuona mji huu ukiwa na sura yake asisubiri miaka mingi. Nilifurahi kuona kwamba chini ya ngome umejengwa ukuta wa kuvunja mawimbi, ambayo yalikuwa yakiula mwamba kwa kasi ya kutisha.

Mwenye kupanga safari azingatie mambo machache. Vichochoro havina njia ya waenda kwa miguu, na tuktuk, ambazo sisi tunaziita bajaji, hupita humo humo pamoja na bodaboda na mikokoteni. Mtoto mdogo ashikwe mkono, na mwenye kutumia kiti cha magurudumu atapata taabu kwenye mawe na ngazi. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa. Mchana wa Ramadhani hakuna cha kula hadharani, lakini wanaoujua mji wanasema jioni za mwezi huo ndizo bora kuliko zote. Huu ni mtaa wa makazi, wenye kina mama waliovaa buibui wakienda sokoni na watoto wakitoka chuoni na juzuu zao, kwa hiyo vaa mavazi ya staha na usimpige mtu picha bila kumwomba. Tuliomba mara sita, tukakubaliwa mara nne.

Jioni ya mwisho nilikodi mashua, na kama ningeruhusiwa kuchagua jambo moja tu la kulipia Mombasa, ningeacha ngome nikachukua hiyo. Mwenye mashua alitaka shilingi 2,000, tukapatana kwa 1,500 kwa saa moja kabla hatujapanda, akatupitisha taratibu mbele ya mji, kutoka chini ya kuta za ngome hadi usawa wa bandari. Kutoka majini mji unageuka. Zile nyumba zilizotupa mgongo siku mbili sasa zilikuwa zimetuelekea, madirisha yake ya juu yakiwa wazi, nguo zimeanikwa, mzee mmoja ameketi kwenye roshani akitutazama kama baba zake walivyotazama kila kilichoingia kupitia hapa. Jahazi la samawati lilikuwa bado limefungwa gatini, na mabaharia wake walitupungia mkono. Kwa upande wa pili, Nyali na majengo yake mapya yalikuwa yamewasha taa.

Tulipotaka kushuka kwenye ngazi za Leven, mwenye mashua alikataa akasema maji yametoka na chombo kitagusa mwamba. Tulivua viatu, tukateremka kwenye maji ya magotini, binti yangu akiwa amebeba leso kichwani ili isilowe, na tukapanda ngazi kuingia mjini.